Throto ya kebo au ya umeme? Ijue yako kabla hujanunua kifaa

Gereji yangu ipo Wete, Pemba, na malalamiko yanayoingia hapa mara nyingi huwa na sura moja: "Fundi, nnakanyaga, gari haiendi." Inaweza kuwa filta ya petroli, plagi zilizochoka, hata breki iliyokamata. Ila tukishafika kwenye throto, swali langu huwa moja: ya kebo au ya umeme? Mwenye gari akinitazama tu, namwambia twende tukaangalie.

Fungua boneti. Fuata ile hozi nene ya mpira inayotoka kwenye boksi la ea klina. Inapogotea injini ndipo penye throto: kibomba cha alumini chenye kisahani ndani kinachofunguka kupitisha hewa. Watu husema wanakanyaga mafuta, kumbe mguu unafungulia hewa, na kompyuta ya gari ndiyo inayopima petroli kulingana na hewa iliyoingia.

Ukiona pembeni ya kibomba pana kigurudumu chenye springi, na kebo imekizunguka, hiyo ni ya kebo. Mwombe mtu akanyage akseleta injini ikiwa imezimwa, kigurudumu kitageuka mbele ya macho yako. Corolla na Carina za injini ya 5A-FE ziko hivyo, na RAV4 za mwanzo za injini ya 3S-FE pia. Ukikuta kiboksi cha plastiki kimeshikana na kibomba, kina soketi ya waya kadhaa na hakuna kebo yoyote, hiyo ni ya umeme. Noah ya AZR60 yenye injini ya D-4 ni ya namna hiyo. Wala si uvumbuzi wa jana. BMW waliiweka kwenye 750iL tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kuna chotara pia. Baadhi ya Toyota za mwisho wa miaka ya 1990, kama Aristo ya 2JZ VVT-i, zina kebo na pia mota ya umeme inayokizungusha kisahani. Ukiona kebo, basi, angalia na upande wa pili wa kibomba kabla hujatoa hukumu.

Tuanze na ya kebo, kwa sababu mwenye gari anaweza kuikagua mwenyewe. Mtu akanyage mpaka chini, wewe utazame kisahani: lazima kifunguke chote. Kama kinaishia njiani, gari itapanda kilima kwa kuugua na wewe utailaumu injini bure. Mguu ukitoka, kigurudumu kirudi chenyewe kwa kishindo kidogo. Kikirudi kwa kusuasua, kebo imekauka au imeanza kufumuka. Kagua ncha mbili, kule juu ya akseleta na huku kwenye kigurudumu, maana nyuzi hukatika hapo kwanza, na hewa yetu ya chumvi haisaidii. Acha ulegevu wa milimita chache. Ukiikaza mno, kisahani hakitafunga sawasawa na sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga, itakaa juu. Ile skrubu ndogo inayozuia kisahani kisifunge kabisa usiiguse. Ilipangwa kiwandani, na mafundi wengi huikaza wakidhani wanarekebisha sailensa.

Kwa gari otomatiki za zama hizo utakuta kebo ya pili kwenye kigurudumu hichohicho. Inashuka kwenye giaboksi, na ndiyo inayoiambia umekanyaga kiasi gani. Ikilegea, gia zinabadilika mapema, presha ya oili inakuwa ndogo, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Nimeona giaboksi nzima ikishushwa kwa kosa la kebo ambayo ingekazwa kwa spana mbili. Kipimo cha Toyota ni hiki: throto ikiwa wazi kabisa, nafasi kati ya mwisho wa kimpira cha ganda la kebo na kile kidude kilichobanwa kwenye waya iwe kati ya 0 na milimita 1.

Kebo ya akseleta imekatika, ukafunga waya wa breki ya baiskeli? Utakufikisha nyumbani kutoka Konde, nakubali. Kesho yake utoe.

Ya umeme inataka adabu nyengine. Kwenye akseleta mna sensa mbili, kwenye throto mna mbili, na kompyuta inazilinganisha muda wote. Zikitofautiana, haibahatishi: inawasha taa ya cheki injini, inakata umeme wa mota, na springi inakiacha kisahani wazi kidogo ili ujikokote pembeni. Mashine ya kupimia ikionyesha kodi (namba ya kosa) P2138, tatizo ni upande wa akseleta. P2135 ni upande wa throto. Lakini kodi inakutajia upande tu. Haijakuambia ununue kifaa.

Aliwahi kuja mwalimu mstaafu wa skuli na Noah, na throto ya mtumba mkononi aliyouziwa mahali.

"Fundi, nifungie hii."

"Mwalimu, kwanza tuitazame hiyo yako."

Nilipochomoa soketi, pini mbili zilikuwa za kijani kwa kutu ya chumvi. Tulizisafisha kwa spreyi ya kusafishia soketi za umeme, tukaangalia na waya wa atha, ule unaofungwa kwenye bodi, taa ikazima. Ile throto aliirudisha dukani.

Ukisafisha ya umeme, toa kwanza terminali ya hasi ya betri, uitoe throto yote kwenye injini, ufute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa spreyi ya throto. Usikisukume kisahani kwa kidole wakati swichi iko on, na usisugue kwa brashi ya waya. Ukisharudisha, sailensa inaweza kupanda na kushuka mpaka kompyuta ijifunze upya. Iache injini ipate moto bila kugusa akseleta wala kuwasha AC. Nissan nyingi zina utaratibu wao wa kujifunza, na hapo mashine inahitajika.

Kuhusu vile viboksi vinavyouzwa mtandaoni vya "kuongeza nguvu" kwa throto ya umeme: haviongezi chochote. Vinaidanganya kompyuta kuwa umekanyaga zaidi. Kanyaga zaidi mwenyewe, ni bure.

Kwa aina zote mbili, tazama zulia la chini ya miguu. Mwaka 2009 Toyota waliyaita magari mamilioni kule Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu ya mazulia yanayokamata akseleta, na uchunguzi wa NASA, shirika la anga la Marekani, uliotolewa 2011 haukukuta kosa la umeme lililosababisha magari hayo kukimbia yenyewe. Huku kwetu watu wanatandika zulia juu ya zulia. Akseleta ikikwama, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, weka gia nyutro, kisha zima gari ikishasimama. Usichomoe ufunguo ingali inakwenda, usukani utajifunga.

Na kifaa kikilazimika kuagizwa Unguja au Dar, usipige simu kusema "throto ya Noah" tu. Piga picha soketi kwa mbele pini zihesabike, picha ya throto pande zote, na picha ya kile kibati chenye namba ya chasisi na ya injini. Muuzaji akikujibu "zote sawa", tafuta mwengine kabla hujatuma pesa.