Somo: Picha moja ya familia, masomo matatu ya Kiingereza cha mwanzo

Wenzangu mnaofundisha watu wazima jioni, hili ndilo somo ninalolitumia wiki ya 2 kwa kila darasa jipya. Wanafunzi wangu hapa Mbagala ni mama lishe, madereva wa bodaboda na vijana wanaobeba mizigo Kariakoo. Wengi waliishia la saba, wakasoma kwa Kiswahili. Waliofika kidato cha kwanza wanasimulia jinsi masomo yalivyogeuka Kiingereza ghafla, wakanyamaza hadi wakaacha shule. Wanakuja na hofu hiyo, na mimi naichukulia kwa uzito. Kwa hiyo sianzi na kitabu. Naanza na kitu wanachokijua kuliko mimi: picha ya ndugu zao iliyo kwenye simu.

Waambie walete picha yenye watu watano au zaidi, wakiwa wanafanya jambo, na chakula kionekane. Picha za Idi, za Krismasi au za Jumapili Coco Beach zinafaa sana.

Hatua ya 1: Ndugu

Andika ubaoni kwa Kiswahili kwanza: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba. Wazungushie duara moja, halafu andika neno moja tu: uncle. Fanya hivyo kwa shangazi, mama mkubwa na mama mdogo: aunt. Mwanafunzi aone kwa macho yake kwamba hapa Kiingereza ndicho chenye maneno machache. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa wao wanamjuaje mjomba ni yupi?" Nikamwambia wanaongeza maelezo: my mother's brother. Akaiandika kwenye daftari, na siku hiyo ndiyo aliyozungumza kwa mara ya kwanza bila kuitwa.

Upande wa pili kuna mtego. Ukisema "mdogo wangu" hujasema ni wa kike au wa kiume, ila Kiingereza kinadai: younger brother au younger sister. Mjukuu vilevile: grandson, granddaughter. Na "a" yetu ya "anapika" haina jinsia, ndiyo maana utasikia "My mother, he is cooking." Maelezo hayaliponyi kosa hili. Ninachofanya: mwanafunzi anaweka kidole juu ya mtu pichani, anatamka she au he peke yake, kisha kidole kinahamia kwa mwingine. Dakika 10, bila sentensi yoyote. Inachosha, lakini ulimi unazoea.

Hatua ya 2: Kinachoendelea sasa hivi

Sentensi ina vipande vitatu: mtu, kisha am, is au are, kisha kitenzi chenye -ing. My aunt is frying cassava. My brothers are eating. Kosa la kwanza ni kuiacha is, kwa kuwa "anakaanga" kwetu ni neno moja lililobeba yote. Nawapa vizibo vya soda vitatu kila mmoja. Kila kipande kinapotamkwa, kizibo kinawekwa mezani. Kizibo cha katikati kikibaki mkononi, sentensi haijaisha, na mwenyewe anajirekebisha kabla sijafungua mdomo.

Kosa la pili linatokana na -na-. "Mama anapika" huweza kuwa sasa hivi au kila siku. Waulize kama inaweza kugeuzwa kuwa hu-. Mama hupika wali: my mother cooks rice. Lakini kama mwiko uko mkononi muda huu: my mother is cooking rice.

La tatu lilinichukua muda mrefu kulitambua. Tazama picha: babu amekaa, mtoto amelala, dada amevaa kitenge, kaka amesimama. Sisi tunatumia -me-, na mwanafunzi anatafsiri "Grandfather has sat." Kiingereza kinasema is sitting, is sleeping, is wearing, is standing. Nayafundisha manne haya kama kundi lao, siku ileile, kwa sababu karibu kila picha ya familia inayo.

Hatua ya 3: Wingi na uchache

Hapa Kiswahili kinakubeba. "-ingi" haitofautishi kitu: watu wengi, wali mwingi. Lakini "-chache" na "kidogo" zinatofautisha. Tunasema viti vichache, chumvi kidogo. Ukizibadilishana, sikio linakataa. Kinachopokea "-chache" kinatumia many na a few. Kinachopokea "kidogo" kinatumia much na a little. Maji na mafuta yasiwababaishe kwa kufanana na mayai: mayai machache, mafuta kidogo. A lot of inafaa kote.

There is a lot of rice. There are a few chairs. There isn't much water.

Some iwe ya kukubali, any ya kukanusha na kuuliza. Kwa wiki hii inatosha.

Maswali ya wanachama

Tabata: Shikamoo mwalimu. Mwanafunzi wangu anauza samaki Feri. Anauliza kwa nini "shilingi ngapi" isiwe how many.

Marahaba. Kiingereza kinaichukulia bei kama kiasi, japo shilingi zenyewe zinahesabika. Mfundishe zote mbili, atazihitaji kwa mteja mmoja: "How many fish do you want?" ni yake, na "How much is this fish?" ni ya mteja.

Kigamboni: Mtoto wa baba mdogo ni kaka yangu. Kumwita cousin kunaniuma.

Nakuelewa, dada. Nyumbani hakuna kinachobadilika. Ila kwenye fomu za safari au kazi, brother husomwa kama mtoto wa baba yako au mama yako, na ukimwandika hivyo mtoto wa baba mdogo unaweza kuulizwa maswali. Kwenye fomu andika cousin.

Ubungo: Wanafunzi wanapenda "I am having two children." Ni kosa?

Ndiyo. Have ya kumiliki haipokei -ing, sawa na know, want na need. I have two children. Lakini "She is having lunch" ni sahihi, kwa kuwa hapo have ni kula.

Sinza: Mwalimu, kijana wangu mmoja amefiwa na wazazi wote. Nilipoomba picha ya familia alitoka nje. Nifanyeje?

Pole kwake, na pole kwako. Siku hizi naomba "picha ya watu wako", na aliyetaka kubaki na picha niliyochora mimi kwenye manila, anabaki nayo bila kuulizwa sababu. Nilikuwa na kijana kama huyo. Alileta picha ya kijiweni kwao, akaweka vizibo vyake vitatu mezani na kusema: "These are my friends. They are drinking coffee."