Kukunja paipu ndogo ya kopa kona kali bila kuikata kiuno

Kijana wa boti ya kubebea barafu alinijia kibandani, hapa Kirumba, Mwanza, karibu na Mwaloni, na vipande vinne vya paipu ya kopa (shaba nyekundu) mkononi. Vyote vimebonyea palepale kwenye kona. "Shikamoo fundi. Bosi amesema hanunui tena." Nikamwitikia, nikamwambia aketi. Niliyomwonyesha siku hiyo ndiyo haya.

Paipu yake ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35 kwa nje, ya kutoa dizeli kwenye tenki hadi kwenye filta. Nafasi kati ya injini na ubavu wa boti ni finyu, kwa hiyo alihitaji kona ya U ambayo miguu yake imeachana sentimita 3 tu, kati kwa kati. Kwa mikono mitupu hiyo haiwezekani. Ukikunja, ukuta wa nje unavutika na wa ndani unasongamana, paipu inatafuta kuwa bapa, na ikishaanza ubapa inakatika kiuno ghafla. Dawa ni kuizuia isipanuke ubavuni na kuijaza ndani isipate pa kuzama.

Kama una benda ya mkono (kifaa cha kukunjia paipu) ya robo inchi, itumie, haya mengine achana nayo. Ila usiingize paipu ya milimita 6 kwenye benda hiyo ya robo inchi: inacheza kidogo, na hapo ndipo ubapa unapoanzia. Yangu niliiazimisha mwaka jana, ndiyo hivyo. Springi ya kukunjia, ile inayovishwa paipu isibonyee, siipendi kwa kona kali kiasi hiki. Kwa kona ya kawaida ni nzuri.

Hatua ya 1: Usikate

Kunja kwanza, kata baadaye. Acha angalau sentimita 15 kila upande wa kona. Mgongo wa U hii unakula karibu milimita 47.

Hatua ya 2: Lainisha

Pasha sehemu ya kona kwa tochi ya gesi, au hata kwenye jiko la mkaa, mpaka ipate rangi ya damu ya mzee, kisha itumbukize kwenye maji. Kopa haigeuki ngumu kwa kupoozwa ghafla kama chuma. Fanyia kivulini. Kwenye jua la saa sita hapa ziwani huuoni ule wekundu, utaendelea kupasha hadi uitoboe. Paipu iliyowahi kupita mafuta usiiguse na moto kabla ya kuiosha na kuikausha kabisa. Na kama ni ya alumini, usisubiri wekundu: inayeyuka kabla ya kuwaka.

Hatua ya 3: Mchanga

Hapa ndipo nilipoteza siku nzima na paipu tatu, zamani nikijifunza.

Nilichota mchanga ufukweni, mkononi ukaonekana mkavu. Nikajaza, nikaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, halafu nikaona niilainishe paipu ikiwa tayari imejazwa ili niokoe muda. Kigingi kilitoka kama risasi, kikagonga bati la paa. Unyevu uliokuwa ndani ulikuwa umegeuka mvuke na hauna pa kutokea. Kwa hiyo lainisha kwanza, jaza baadaye, kunja ya baridi. Paipu iliyozibwa haiendi motoni hata kama unaapa mchanga ni mkavu.

Paipu ya pili niliijaza ikiwa bado na maji ya kupoozea ndani. Mchanga ukaganda njiani, chini kukabaki wazi, ikabonyea. Siku hizi nikishaipooza naipuliza, naining'iniza juu ya jiko la moto mdogo ikiwa wazi pande zote, ndipo najaza.

Mchanga wenyewe upitishe kwenye chujio la chai, kisha ukaange kwenye karai ukiukoroga. Shikilia kioo kikavu juu yake: kikifanya ukungu, endelea kukaanga. Uache upoe.

Ya tatu iliharibika kwa sababu nilijaza tu bila kushindilia. Bonda ncha ya chini kwa nyundo mpaka ifunge (utaikata baadaye). Simamisha paipu, mimina kidogo, gonga ubavuni kwa kijiti kuanzia chini kwenda juu. Mchanga utashuka. Ongeza, gonga tena. Utadhani imejaa, kumbe bado. Mimi naendelea mpaka nimegonga mara 50 bila kushuka hata unywele. Kisha pigilia kigingi cha mti mkavu juu. Kikiingia kirahisi, kitoe uongeze mchanga.

Chumvi laini kavu inafanya kazi pia na inayeyuka kwa maji, lakini ikibaki inakula paipu. Risasi iliyoyeyushwa usiitumie, moshi wake ni sumu.

Paipu ya friji usiitie mchanga kabisa. Huko tumia benda au springi ya nje.

Hatua ya 4: Kunja

Chonga kalibu ya mninga yenye mfereji wa nusu duara unaoikaa paipu kamili, kipenyo milimita 24 kwenye sakafu ya mfereji. Bana mguu mmoja, sukuma kwa vidole gumba karibu kabisa na kalibu, usivute kutoka nchani. Nenda polepole bila kurudi nyuma. Ikianza kukaza, toa mchanga, lainisha upya, jaza tena.

Hatua ya 5: Safisha

Kata ncha iliyobondwa, gonga, puliza kwa kompresa, pitisha waya wenye kitambaa, sukutua kwa dizeli mara kadhaa. Hata hivyo, paipu iliyowahi kula mchanga naifunga kabla ya filta tu. Chembe moja ikifika kwenye pampu ya dizeli, bosi hatakuuliza habari ya paipu tena.

Ukiifunga, iwekee mzunguko mmoja mpana karibu na injini na klampu zenye mpira, maana mtikisiko unaifanya kopa iwe ngumu upya hadi ipasuke. Mchanga uliokaangwa usimwage. Wangu uko kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, na kila nikiutoa naukaanga upya.