Kutuliza Kichefuchefu cha Ujauzito kwa Dawa za Dukani

Kichefuchefu cha ujauzito mara nyingi huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, huzidi karibu na wiki ya 9, na kwa wanawake wengi hupungua mimba inapofika wiki ya 16 hadi 20. Kwa kuwa huweza kuja saa yoyote, mjamzito wa Dar es Salaam anayepanda daladala ya Mbagala alfajiri au anayefanya kazi karibu na vikaango vya samaki pale Feri hana budi kupanga dawa na chakula kwa kufuata saa zinazomsumbua yeye.

Ufikapo dukani, iwe ni famasi au duka la dawa muhimu la mtaani, sema kwanza kwamba una ujauzito, una wiki ngapi, na unatumia dawa gani nyingine. Wengi hupenda kuficha mimba changa, na desturi hiyo ina sababu zake, lakini muuzaji asiyejua hali yako atakupa dawa ya kuzuia kutapika ambayo angempa mtu mwingine yeyote.

Dawa inayofaa kuanza nayo ni vitamini B6, ambayo pia huitwa pairidoksini. Kiasi kinachotumika kwa wajawazito ni miligramu 10 hadi 25 kwa mara moja, mara 3 hadi 4 kwa siku, na husaidia zaidi kichefuchefu chenyewe kuliko kutapika. Hapa soma pakiti kwa makini: vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12, vinavyouzwa kwa ajili ya ganzi na maumivu ya neva, huweza kuwa na miligramu 100 au 200 za B6 katika kidonge kimoja, kiasi ambacho kikitumiwa mara kwa mara kwa muda mrefu huweza kudhuru neva zenyewe. B6 ikishindwa kutosha, mwulize mfamasia au daktari kuhusu kuiunganisha na doksilamini, dawa ya jamii ya zile za mzio, ambayo huanza kunywewa wakati wa kulala kwa sababu huleta usingizi. Wapo wanaokataa kidonge chochote kwa kukumbuka thalidomide, dawa waliyopewa wajawazito zamani kwa kichefuchefu, iliyoanza kuondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vyenye kasoro. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mchanganyiko wa doksilamini na B6 umechunguzwa kwa miongo mingi bila kuonekana kuongeza kasoro za kuzaliwa.

Tangawizi nayo ina nguvu yake. Jumla ya gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, ikigawanywa mara nne, inatosha. Anayetumia mbichi akate vipande vyembamba, avichemshe na kunywa chai hiyo kidogo kidogo, bila maziwa kama harufu yake inamchefua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiizidishe kabla ya kumwuliza daktari.

Mara nyingi kinachochefua ni kidonge cha madini ya chuma kinachotolewa kliniki. Usikitupe kimyakimya, kama wengi wanavyofanya. Kinywe usiku pamoja na chakula kidogo, na kama bado kinakutapisha, mweleze mkunga akushauri, kwani foliki asidi iliyomo ni muhimu hasa katika miezi hii ya mwanzo. Ukinywa dawa ya kiungulia, itenganishe na kidonge hicho kwa saa 2 au zaidi.

Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Weka biskuti kavu au kipande cha mkate karibu na kitanda, ule kabla ya kuinuka, kisha ule kidogo kila baada ya saa 2 hivi. Maji yanywe katikati ya milo badala ya pamoja na chakula, na limau la kunusa ndani ya daladala si jambo la kuchekwa. Ukishatapika sana, changanya pakiti ya ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, unywe kijiko kimoja kimoja.

Udongo wa pemba, ambao wajawazito wengi huutamani, ni afadhali kuuacha, kwa maana huweza kubeba madini yenye sumu ya risasi na mayai ya minyoo, tena huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Usinunue pia dawa za kuzuia kutapika za metoklopramidi au ondansetroni kwa sababu tu jirani alipona nayo. Hizo ziandikwe na daktari.

Nenda hospitali bila kungoja ikiwa umeshindwa kubakiza maji tumboni kwa saa 24, mkojo una rangi iliyokolea sana au haupo kwa saa 8, unapungua uzito, unazimia, unatapika damu au tumbo linauma sana. Homa ikiongozana na kutapika, pima malaria siku hiyohiyo, maana mjini kwetu mbu hawana msimu wa kuaminika. Hospitalini watapima mkojo na huenda wakakuwekea dripu. Chukua kadi ya kliniki pamoja na pakiti za dawa zote ulizokwisha kunywa, hata zile za mitishamba, ili daktari asikurudishie dawa ileile.