Hedifoni zinavuma ukichomeka chaja? Anzia hapa

Wadau, kama hedifoni zinatoa ule mvumo wa "mmmm" ukiwa kwenye laptop, kabla hujaenda dukani chomoa kwanza chaja utumie betri tu, mvumo ukikata ujue hedifoni ni nzima, shida iko kwenye umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz na chaja ikikosa ethi (ule waya wa usalama unaopeleka umeme unaovuja ardhini) ule mvumo unapenya mpaka masikioni, dalili nyingine ni ukigusa bodi ya chuma ya laptop unahisi vidole vinatekenywa na sauti inabadilika. Angalia plagi, kama umeunga adapta ya pini mbili au ekstensheni ya bei chee ambayo tundu la ethi ndani halina waya, itoe, chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye ethi inayofanya kazi.

Mikwaruzo inayokuja ukisogeza mausi ni kitu kingine, hiyo inatoka ndani ya kompyuta yenyewe, saundikadi ndogo ya USB (kidude cha sauti unachochomeka kwenye tundu la USB, kisha hedifoni unazichomeka humo) mara nyingi inaimaliza. Wa desktop jaribuni kwanza tundu la kijani la nyuma badala ya lile la mbele, ni bure kabisa.