Somo: Kutengeneza bodi ya saketi nyumbani kwa tona na pasi

Wakuu, kama umechoka na nyaya zinazochomoka kwenye bredibodi (ubao wa kujaribia saketi bila kuchomelea), anza na njia hii. Tona ni unga wenye plastiki. Pasi inauyeyusha ushike kwenye shaba iliyofunika bodi, kisha dawa (feri kloraidi) inakula shaba yote isiyofunikwa. Printa ya wino haifai kabisa. Huna ya leza? Nenda stesheneri, mashine ya fotokopi nayo hutumia tona.

1. Kuchapa. Tumia karatasi ya jarida inayong'aa, njia (mistari ya shaba inayopitisha umeme) zisipungue upana wa milimita 0.5. KiCad (programu ya kuchorea bodi) huonyesha leya ya shaba ya chini kana kwamba unaitazama kupitia bodi, kwa hiyo ichape ilivyo, pasi ndiyo itakayoigeuza. Weka neno kwenye leya hiyo: kwenye karatasi lisomeke kinyume, kama kwenye kioo. Bodi yangu ya kwanza sikufanya hivyo, na nilikuwa nimeshatoboa matundu yote nilipoona pini ya 1 ya IC (chipu) imekaa mahali pa pini ya 8. Iliniuma sana.

2. Kusafisha. Hapa ndipo bodi nyingi zinapoharibikia. Sugua shaba kwa stilwaya laini na sabuni, suuza, halafu imwagie maji. Yakitandaa kama utando mmoja, iko tayari. Yakijikusanya matone, bado ina mafuta, rudia. Baada ya hapo shika kingo tu.

3. Pasi. Joto la pamba, bila mvuke. Laza karatasi, tona ielekee shaba, kandamiza bila kusogeza mpaka ishike, kisha pitisha pasi kote dakika 3 hadi 5, na kingo usizisahau. Loweka kwenye maji ya sabuni dakika 20, uisugue karatasi kwa kidole gumba mpaka itoke. Usiibandue kwa nguvu! Njia iliyokatika izibe kwa maka peni isiyofutika.

4. Dawa. Vaa glavu na miwani, fanyia nje. Weka bakuli la plastiki ndani ya beseni la maji moto, utikisetikise. Shaba itafifia iwe na rangi ya waridi, halafu itaanza kuisha kuanzia kingoni. Ikiisha, suuza, futa tona kwa asetoni, toboa kwa biti ya milimita 0.8 au 1, na upime kila njia kwa mita kabla ya kuchomelea.

MASWALI

Mkuu, tona yangu nusu imebaki kwenye karatasi.
Ama shaba ina mafuta, ama pasi haikufika sehemu hiyo. Futa kwa asetoni uanze upya, viraka vingi havisaidii.

Naweza kutumia sufuria ya alumini?
Hapana kaka! Dawa itaila na kutoa joto kali. Plastiki au kioo tu.

Dawa iliyotumika nimwage wapi?
Usiimwage kwenye sinki wala ardhini, ina shaba, ni sumu kwa samaki. Irudishe kwenye chupa ya plastiki, andika jina lake kwa herufi kubwa na uiweke mbali na watoto. Inafanya kazi tena mara kadhaa, ila kila mara itachukua muda zaidi.