Somo: Kumpoza nyoka wa kufugwa wakati wa kaskazi

Kaskazi imeshika. Hapa Malindi, kuanzia Desemba hadi masika yanapobisha hodi, joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 kivulini, na chumba kilichoezekwa mabati bila dari hupita hapo kwa mbali. Somo hili ni kwa wanachama wenye kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Asiye na kibali aanzie huko kabla ya kununua hata sanduku, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kujifugia nyoka kiholela.

Nyoka hatoi jasho. Mwili wake hufuata joto la mahali alipolala, na anapotaka kupoa njia yake kuu ni kuondoka pale na kutafuta penye ubaridi zaidi. Porini ana mashimo ya panya, vichuguu na mizizi ya miti. Ndani ya sanduku hana pa kukimbilia isipokuwa pale ulipomwekea wewe. Kwa hiyo kazi yetu si kulipoza sanduku zima, bali kuhakikisha kwamba hata saa nane mchana, jua linapowaka kuliko wakati wote, ipo pembe moja ambayo haijashika moto.

Hatua ya kwanza: pima. Kipimajoto kinachobandikwa ukutani mwa sanduku hupima ukuta, si sakafu anayolalia nyoka. Tumia chenye waya, ukiweke kichwa cha waya sakafuni upande wa joto, kisha upande wa baridi, kisha ndani ya maficho yake, na uandike kinachosomeka asubuhi, adhuhuri na alasiri kwa siku tatu. Chatu anataka upande wa baridi uwe kati ya nyuzi 25 na 28 na upande wa joto uwe 31 au 32. Nyoka wa nyumba, yule wa kahawia anayekula panya, huridhika na pungufu kidogo ya hapo. Ukiona sanduku zima limefika 35, usisubiri. Na likikaribia 40 nyoka anaweza kufa kwa muda mfupi sana.

Hatua ya pili: mahali pa sanduku. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza nyoka. Nilikuwa na jike la nyoka wa nyumba, nimemlea tangu akiwa mwembamba kama penseli, na sanduku lake la kioo nililiweka mwezi wa Julai chini ya dirisha linalotazama kusini. Majira yote ya kusi dirisha lile halikuingiza jua hata kidogo, nikaamini kwamba ni mahali pa kivuli. Sikufikiri kwamba Malindi iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, na kwamba kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kusini. Siku moja ya Desemba nilirudi kutoka msikitini baada ya sala ya adhuhuri, nikakuta mstari wa jua, upana wa viganja viwili, umelala juu ya kioo. Alikuwa amejinyoosha kando ya bakuli la maji kama kamba iliyoachwa chini, kinywa wazi, na kipimajoto kinasoma 41. Hakuamka tena.

Tangu siku ile, kila mwanzo wa msimu mimi hukaa chumbani siku nzima kuangalia jua linaingilia wapi na linaondokea wapi, nami nawasihi mfanye vivyo hivyo. Sanduku liwe mbali na dirisha lolote, liwe chini karibu na sakafu kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu, na lisigusane na ukuta unaopigwa na jua la magharibi, maana ukuta huo huendelea kutoa joto hadi baada ya isha. Kioo ni kibaya kuliko mbao, kwa sababu huruhusu jua kuingia na huzuia joto kutoka.

Hatua ya tatu: zima vyombo vya joto. Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na wafugaji wa Uingereza na Marekani, ambao shida yao kwa miezi mingi ni baridi, ndiyo maana husisitiza taa na mikeka ya umeme. Pwani, wakati wa kaskazi, chumba chenyewe kinatosha. Ukilazimika kuwasha, basi kuwe na kidhibiti joto kinachozima chenyewe.

Hatua ya nne: maji na maficho. Bakuli liwe zito, lisipinduke, na liwe kubwa kiasi cha nyoka kujikunja ndani bila maji kumwagika, likae upande wa baridi na maji yabadilishwe kila siku. Kwa maficho, sijaona kinachoshinda kigae cha mtungi. Chukua mtungi uliovunjika, usugue kingo hadi zisikate, ulowanishe kwa nje asubuhi na uufunike upande wa baridi juu ya makumbi makavu. Udongo hunywa maji na kuyaachia polepole, na ukipenyeza mkono chini yake adhuhuri utahisi ubaridi ule ule wa maji ya mtunguni. Chatu wangu hulala humo akiwa ameegemeza kidevu kwenye udongo, pua tu ikichungulia nje.

Hatua ya tano: barafu, kwa siku kali peke yake. Jaza chupa ya nusu lita, lakini usiijaze hadi mdomoni kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Igandishe, izungushie leso, uilaze juu ya wavu wa sanduku upande wa baridi. Usiiweke ndani ikagusana na ngozi, na usitie vipande vya barafu kwenye bakuli lake, kwa kuwa kushuka kwa ghafla kunamuumiza nyoka kama kunavyomuumiza kupanda. Weka chupa mbili kwenye friji ili moja iwe kazini na nyingine ikiganda; stima ikipotea, zitakusitiri kwa saa kadhaa.

Hatua ya sita: chakula. Siku za joto kali usilishe, au lisha baada ya magharibi na umpe windo dogo. Nyoka aliyepatwa na joto kupita kiasi akiwa na panya tumboni mara nyingi humtapika. Usimshikeshike pia, na usimwache ndani ya gari hata kwa dakika tano.

Dalili za hatari ni hizi: kuzunguka sanduku bila kutulia, kusukuma pua kwenye wavu, kuhema kinywa wazi, kisha kulegea na kushindwa kujigeuza anapolazwa chali. Ukizikuta, mhamishie kwenye chumba chenye kivuli, mlaze katika beseni la maji ya kina kifupi yasiyo baridi wala moto, kichwa kikiwa nje, na umwite daktari wa mifugo. Hata akionekana amepona, aangaliwe, kwa sababu madhara ya ndani hujitokeza siku zinazofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Lamu, Mkomani: Shikamoo maalim. Nyumba yetu ni ya kale, kuta za matumbawe na chokaa. Je, nahitaji barafu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Huenda usiihitaji kabisa, kwa kuwa kuta nene kama hizo huchelewa kupata joto. Mweke vyumba vya chini, usimpandishe darini. Wewe shida yako itakuwa unyevu: makumbi yakilowa siku nyingi, magamba ya tumboni hubadilika rangi na kuoza. Badilisha matandazo mapema.

Mwanachama wa Malindi, Maweni: Nimewasha pangaboi mchana kutwa lakini joto la sanduku halishuki. Kwa nini?

Jibu: Ndugu yangu, feni hukupoza wewe kwa sababu hukausha jasho lako, na nyoka hana jasho. Inachofanya ni kuzungusha hewa ile ile ya moto. Itumie usiku, madirisha yakiwa wazi, ili iingize hewa ya nje. Na kitambaa kilicholowa, ambacho wengi hufunika sanduku zima, hakitusaidii sana pwani kwa kuwa hewa yetu tayari imejaa maji. Aliye Garissa, penye hewa kavu, atafaidika zaidi. Kikiziba matundu, kitamchemsha kwa mvuke.

Mwanachama wa Watamu: Nina chatu wa mchanga, yule mfupi mnene anayejizika. Nimnyunyizie maji?

Jibu: Hapana, dada. Huyo ni wa nchi kavu, na mchanga uliolowa humletea maradhi. Mwongezee kina cha mchanga upande wa baridi, vidole vinne au zaidi, atajizika mwenyewe. Bakuli lake liwe dogo.

Mwanachama wa Malindi, Barani: Msimu huu nyoka wa porini ameingia bafuni kwetu mara mbili. Je, naweza kumweka kwenye sanduku la ziada hadi joto lipungue?

Jibu: Usithubutu. Huenda anafuata ubaridi na maji, kama wa kwako, lakini humjui ni nani. Fira na kifutu pia hupita humo. Mfungie mlango, ziba uwazi wa chini kwa taulo, uwaondoe watoto, kisha uwapigie KWS au shamba la nyoka la Bio-Ken, ambalo marehemu James Ashe alilianzisha Watamu mwaka 1980 na ambalo watu wake wamezoea kuondoa nyoka majumbani. Baadaye weka wavu kwenye tundu la maji machafu, kwa kuwa huenda ndiko anakopitia.