Geji ikidanganya, anza nyuma: kutafuta kosa kwenye dashibodi ya Triumph TR6

Mwaka juzi gari langu lilizimika Salgaa, kwenye mteremko wa barabara kuu karibu na Nakuru, jioni, malori yakishuka nyuma yangu. Geji ya mafuta ilikuwa imesimama nusu tangi. Tangi lilikuwa kavu. Anayeijua Salgaa anajua kwamba pale si mahali pa kusimama na kibuyu cha petroli mkononi.

Nilipofika Nakuru, fundi mmoja wa umeme alitazama dashibodi akasema geji imekufa. Nikamwamini. Nikaagiza nyingine Uingereza, nikaingoja, nikalipa ushuru, tukaifunga. Mshale ukapanda mpaka nusu tangi, ukakaa palepale. Kosa lilikuwa kwenye tangi: mkono wa boya, lile linaloelea juu ya petroli, ulikuwa umegandishwa na utandu wa petroli ya zamani. Kuchomoa waya mmoja kwenye buti kungenionyesha hilo kwa dakika mbili, na nisingetumia hata shilingi.

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, vijana wengi huku kwetu wamekuwa wakifufua magari ya zamani yaliyolala kwenye mabanda, na naona wakirudia kosa langu lilelile. Geji ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa kwanza. Mimi nasema iwe ya mwisho.

Langu ni TR6 ya 1971. Gari hili lilitengenezwa Coventry kuanzia 1968 hadi 1976, na geji zake ni za Smiths. Wenye Spitfire, GT6 au MGB watakuta mengi yanafanana.

Kwanza, elewa geji inavyofanya kazi

Geji ya mafuta na geji ya joto ni ndugu. Ndani ya kila moja kuna bamba jembamba la metali mbili lililozungushiwa waya. Umeme ukipita, waya unapata moto, bamba linapinda, mshale unapanda. Ndiyo maana mishale hii hupanda taratibu ukiwasha swichi. Usiogope ukiona inachukua nusu dakika.

Umeme unatoka kwenye swichi, unapita fyuzi, unaingia kwenye kikopo kidogo cha bati kiitwacho stebilaiza, kinachosawazisha volti, unapita geji, kisha unakwenda kwa sensa na kuishia kwenye bodi ya gari, yaani ethi. Sensa ya tangi hupunguza upinzani boya likipanda. Sensa ya injini hupunguza upinzani maji yakipata moto. Hapo unapata kanuni moja ya kubeba kichwani: waya wa sensa ukiguswa ethi, mshale unapanda, ukichomolewa, mshale unalala.

Geji ya presha ya oili haina umeme kabisa, ina bomba jembamba linaloleta oili yenyewe mpaka mgongoni mwa geji. Spidomita huzungushwa na kebo kutoka giaboksi, na kwenye TR6 hata geji ya mizunguko ya injini ni ya kebo, inatoka chini ya distribyuta. Kwa hiyo ukimwona mtu anatafuta waya wa mizunguko kwenye TR6, mwambie apumzike.

Hatua ya 1: hesabu geji zilizougua

Usishike spana bado. Washa swichi bila kuwasha injini, kaa kwenye kiti, tazama.

Mafuta na joto zote zimelala, na indiketa na waipa nazo hazifanyi kazi? Tafuta fyuzi ya nyaya za kijani. Zimelala lakini indiketa zinafanya kazi? Shuku stebilaiza au waya unaoilisha. Zote mbili zinasoma juu kupita kawaida? Stebilaiza imekosa ethi. Ikiwa ni moja tu inayosumbua na mwenzake yuko sawa, achana na stebilaiza, nenda moja kwa moja hatua ya 3.

Swali hili peke yake linamaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 2: safisha ethi na viungo

Chomoa betri. Fungua fyuzi zote, sugua vibanio vyake kwa msasa laini mpaka ving'ae. Mara nyingi fyuzi nzima inakaa kwenye kibanio chenye kutu na umeme haupiti. Fuata waya mweusi wa ethi wa tangi, na ule mkanda mnene unaounganisha injini na bodi. Nakuru adui ni vumbi, linaingia kila tundu. Kisumu adui ni unyevu wa ziwa, na nimeona pini za kijani kama majani kwenye gari ambalo nje linang'aa.

Hatua ya 3: pima kutoka kwa sensa

Hii ndiyo hatua niliyoiruka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tangi la TR6 liko nyuma ya viti. Ondoa ubao wa ndani ya buti uone sensa na waya wake wa kijani wenye mstari mweusi. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa waya huo. Sasa washa swichi. Mshale ukilala kabisa, hakuna mahali waya umechubuka na kugusa bodi. Ukibaki umepanda, waya umechubuka njiani.

Zima swichi tena. Chukua waya mrefu wa ziada, unganisha ule wa kijani na mweusi kwenye bodi, mbali na tangi. Unganisha ukiwa umezima, ndipo uwashe. Cheche karibu na mvuke wa petroli si jambo la kujaribu, hata mara moja, hata kama buti iko wazi. Mwache mwenzako atazame dashibodi. Mshale ukivuka katikati, zima mara moja. Usiuache ugonge mwisho na kukaa, maana waya wa ndani ya geji unaweza kuungua.

Mshale umepanda? Basi geji ni nzima, waya ni mzima, stebilaiza inatoa umeme. Mgonjwa ni sensa au ethi yake. Haukupanda? Rudia jaribio hilo mgongoni mwa geji. Ukipanda huko, waya umekatika katikati. Ukikataa hata huko, na umeme unafika kwenye geji, hapo ndipo una haki ya kusema geji imekufa.

Kwa joto ni vilevile: waya wa kijani wenye mstari wa buluu, kwenye sensa iliyofungwa pale inapokaa termostati, yaani vali inayodhibiti maji ya kupoza injini.

Hatua ya 4: stebilaiza

Kwangu imefungwa mgongoni mwa spidomita. Ina alama B upande wa kuingiza umeme na I upande wa kwenda kwa geji, na bati lake lenyewe ndilo ethi. Kazi yake ni kuhakikisha geji zinapata wastani wa volti 10, iwe betri iko 12 au alternata inasukuma 14.

Nasema wastani kwa sababu ile ya zamani hukata na kuunganisha, kukata na kuunganisha. Multimita ya namba itakurukia: 12, 0, 12, 0. Wengi wakiona hivyo wanaitupa ikiwa nzima. Tumia taa ya kupimia upande wa I. Ikimulika na kuzima, inafanya kazi. Ikiwaka bila kukatika, sugua pale inapogusa bodi kabla ya kununua nyingine. Isipowaka kabisa ilhali B ina umeme, imekufa.

Fundi wa redio anaweza kukutengenezea mbadala kwa kipande cha elektroniki chenye namba 7810, chenye miguu mitatu: kuingia, ethi, kutoka. Hutoa volti 10 zilizotulia. Ninayo kwenye gari langu na mishale haijawahi kutulia hivi.

Hatua ya 5: chemsha sensa ya joto

Ifungue injini ikiwa baridi. Ining'inize kwenye sufuria ya maji kwa waya, uzi wake wa skrubu uunganishwe na ethi, waya wa geji mahali pake. Washa jiko. Mshale unapaswa kupanda taratibu kadiri maji yanavyopata moto.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Uingereza havisemi. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na maji huchemka karibu digrii 94, si 100. Kisumu ni karibu 96. Ukiona mshale haujafika pale kitabu kinaposema, usiitupe sensa.

Ukiirudisha, usiizungushie ile tepu nyeupe ya fundi bomba. Sensa hupata ethi kupitia uzi wake, na tepu inaweza kuikatia.

Hatua ya 6: kebo na bomba la oili

Spidomita ikitikisika au kupiga kelele, kebo imekauka au imepinda mno. Ifungue nyuma ya geji, vuta uzi wa ndani, ufute, upake grisi kidogo. Kipande cha juu kiache kikavu ili grisi isipande ndani ya geji. Ikiwa mshale umekufa kabisa, mtu asukume gari huku ukitazama kama uzi unazunguka.

Geji ya oili ikishuka ghafla, zima injini kando ya barabara na upime oili kwa kijiti. Usiendeshe mpaka nyumbani ukidhani geji inadanganya. Kati ya zote, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu haina waya wa kusingizia.

Maswali ya wanachama wa klabu yetu ya magari ya zamani

*Mwanachama, Kondele:* Fundi, hujambo? Spitfire yangu, mafuta na joto zote zinapanda mpaka juu baada ya dakika chache barabarani. Fundi wangu ameshatoa termostati akisema gari linachemsha. Bado iko vilevile.

*Jibu:* Sijambo, ndugu. Rudisha termostati leo. Injini inayokimbia ikiwa baridi inaliwa polepole. Gari likichemsha, petroli haiongezeki kwenye tangi. Geji mbili zikipanda pamoja, ni stebilaiza. Sugua ethi yake kwanza. Lakini hakikisha kwa kugusa bomba la juu la radieta, kisha, injini ikiwa imepoa, kutazama kiwango cha maji, ili tusikosee upande wa pili.

*Mwanachama, Kakamega:* Mzee, mimi nina TR4 ya marehemu baba. Naweza kuweka hiyo 7810?

*Jibu:* Dada, pole kwa mzee, na asante kwa kulitunza gari lake. TR4 ilitoka kiwandani na ethi chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio unaoshika bodi. Stebilaiza ya zamani haijali upande. Ya elektroniki inajali, na ukiifunga kama nilivyoeleza itaungua. Tazama betri kwanza, maana mengi yalishageuzwa. Ikiwa bado ni chanya, baki na ya zamani.

*Mwanachama, Njoro:* Geji yangu ya mafuta inasoma robo hata nikijaza mpaka shingoni.

*Jibu:* Fanya jaribio la waya kama hatua ya 3. Mshale ukipanda vizuri, toa sensa, tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka na linazama. La shaba huzibwa kwa risasi, lakini toa petroli yote ndani kwanza na uliache wazi likauke siku kadhaa. Moto juu ya boya lenye mvuke hulipuka.

*Mwanachama, Kericho:* Nikipanda kutoka Kipkelion mshale unashuka, nikifika tambarare unarudi. Ni kosa?

*Jibu:* Si kosa, kaka. Petroli inahamia upande mmoja wa tangi na boya linaifuata. Soma geji barabara ikiwa sawa.

*Mwanachama, Nakuru:* Geji yangu ya ampia, ile inayopima mkondo wa umeme, ina joto ukiigusa nyuma, na naona waya umekuwa kahawia.

*Jibu:* Usiwashe gari tena leo. Karibu umeme wote wa gari hupita hapo, na nati iliyolegea inatosha kuwasha moto. Chomoa betri, kata waya mpaka shaba safi, weka kichwa kipya, kaza nati zote mbili. Kisha washa taa kubwa dakika kumi, zima, chomoa betri, gusa tena. Ikiwa bado ina joto, leta gari Jumamosi tulitazame pamoja.